Nilivyouokoa Mtumbwi wa Mama Mkwe

Nisiwadanganye, hadi leo nikishuka kando ya mto kuna wanawake wanaoinama juu ya samaki wao na kujifanya wanapara magamba, kumbe mabega yanacheka, na mimi napita nikitazama mbele kama mtu mwenye shughuli kubwa (shughuli sina, nimekwenda kununua samaki kama kila mtu). Aibu yangu inajulikana kuanzia maporomoko mpaka Yanonge. Bora niisimulie mwenyewe, kwa mpangilio, kuliko kumwachia Tonton Gaspard, mjomba wa mke wangu, ambaye kila akiisimulia ananivua nguo moja zaidi.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa mtaa wa Kabondo, mjini, na mambo ya maji siyajui. Nilimwoa Béa, binti wa wavuvi wa pale maporomokoni, wale wanaosimamisha magogo katikati ya maji yanayochemka na kuning'iniza humo mitego mikubwa ya fito. Mama yake, Mama Alphonsine, ni mjane, na mali yake yote ilikuwa mtumbwi mmoja uliochongwa na marehemu mumewe. Kwa mtumbwi huo alikuwa akichukua samaki huku na kuwauza kule, alilisha nyumba, alimsomesha Béa. Kingine hakuwa nacho. Na lazima mjue kwamba kwao mkwe na mama mkwe hawasemezani. Mimi kwake ni bokilo, mkwe, na heshima ya bokilo ni ya mbali: simtazami usoni, sili mbele yake, na jina lake silitamki kamwe (hapa nalitaja ili mnielewe tu). Nikiwa na neno namwambia Béa, Béa anamwambia mama yake, hata kama mama yupo palepale na amekwisha kunisikia vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, nimekwenda kuwasalimia. Asubuhi watu wa Ubundu, huko juu ya mto, wakapiga simu: upepo umeng'oa mabati, umelaza migomba yote, na sasa unateremka kuja kwetu. Hawakusema mvua. Walisema tufani.

Nilikaa nikaangalia jinsi watu wa mto wanavyojiandaa. Wanaume walitoa mitego majini wakaifunga pamoja. Wengine walipanda juu ya nyumba na kuweka mawe na matairi makuukuu juu ya mabati. Wanawake walifunika vioo kwa vitenge (radi inapenda kitu kinachong'aa, ndivyo wanavyosema), wakazima moto, wakaingiza mbuzi ndani. Wazee walipelekwa kwenye kanisa dogo la matofali lililo juu kidogo ya mto. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyemharakisha mwenzake, na hicho ndicho kilichoanza kunitisha, maana huku kwetu hata kuhamisha kitanda kunahitaji makelele.

Halafu upepo ulikufa kabisa. Majani ya michikichi yalisimama kama yamechorwa. Anga upande wa Ubundu ilikuwa nyeusi, upande wetu ilikuwa na rangi ya mawese, na nyuso za watu zikawa na rangi hiyohiyo. Kuku walipanda kulala wakati chakula cha mchana bado kiko jikoni. Na maporomoko, ambayo hunguruma siku zote mpaka unasahau kwamba yananguruma, yakaanza kusikika kwa mbali, kana kwamba mtu ameyafungia chumbani.

Nikanyanyuka nisaidie. Tonton Gaspard, kaka yake mama mkwe, akanishika bega.

"Bokilo, weye bakia huku na bazee. Kazi ya mayi haiko ya cherehani."

Watu walicheka, hata bazee wenyewe. Béa alikuwa amekwenda kuwachukua watoto wa dada yake upande wa pili wa mtaa. Nikakaa karibu na mlango wa kanisa. Baadaye kidogo Mama Alphonsine akaingia, kitenge kimelowa mpaka kifuani, akaketi chini karibu na ukuta, akafumba macho. Midomo ilikuwa inatembea. Nikageuza uso haraka, kwa heshima, nikatazama mtoni.

Mtumbwi wake haukuwepo.

Pale ulipokuwa ukifungwa kila siku ilibaki kamba tu, imekaza, inaingia majini. Nikasema moyoni, umezama. Mwenyewe amekaa hapa anasali na mtumbwi wake unazama! Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angeuliza. Lakini Béa hayupo, mama mkwe simsemezi, na ningeweza kumtuma yeyote aniulizie, ila mtu ambaye ametoka kuambiwa kazi ya maji si ya cherehani hapendi kuuliza. Nikaona nafasi yangu. Nikatoka polepole kama anayekwenda kujisaidia.

Chini hapakuwa na mtu. Nilipofika ukingoni nikatazama majini, na nywele zikanisimama. Mitumbwi yote ilikuwa chini. Haukuelea hata mmoja. Ilikuwa imelala kwa safu ndani ya maji ya kahawia, mmoja pembeni ya mwingine, mizima, kama watu waliolazwa. Ule wa mama mkwe ulikuwa karibu zaidi, ukingo wake unaonekana, na ndani yake kulikuwa na mawe. Mawe makubwa! Nikajua kazi hii si ya mto, hii ni ya adui. Kuna mtu amepita hapa na roho mbaya akazamisha mali ya kijiji kizima. (Mnaona jinsi kichwa kinavyokwenda mbio kikiwa peke yake.)

Suruali yangu ilikuwa ile ya kanisani, niliyoishona mwenyewe, kwa hiyo niliivua, nikaikunja vizuri pamoja na shati, nikaviweka juu ya mwamba, nikabaki na kalesoni tu, nguo ya ndani. Nikaingia. Nikatoa mawe, moja moja, nikiyalaani. Nikachota maji kwa beseni lililokuwa limeachwa hapo, nikachota mpaka mikono ikafa ganzi, na mtumbwi ukaanza kupanda, kweli ukapanda, nikasikia furaha ambayo siwezi kuieleza. Nikafungua kamba ili niuvute nchi kavu. Haukuvutika, ni mti mzima ule. Basi nikaingia ndani niusukume kwa mti mrefu uliokuwa humo, kutoka nyuma.

Ndipo ikaja.

Sikuuona upepo, niliona mto ukibadilika rangi kuja kwangu, halafu mchana ukazimika. Mtumbwi, mwepesi, mkavu, niliouandaa vizuri mwenyewe, uliruka kama karatasi. Suruali yangu niliiona mara ya mwisho ikipita juu yangu, miguu imetanuka, kama mtu anayekimbia. Mkondo wa pembeni ukatuchukua mpaka kwenye magogo ya mitego, mtumbwi ukagonga, mimi nikakumbatia gogo, mtumbwi ukazunguka kidogo, ukaenda zake gizani. Uliondoka taratibu. Kama kuna mtu ndani anauendesha.

Nilikumbatia gogo lile nikapiga kelele. "Au secours! Nisaidieni!" Kutoka juu nilikuwa nasikia wimbo wa kanisa, sauti nyingi, na nilipopiga kelele wimbo ukakatika. Wote wakanyamaza. Wamenisikia, nikasema, wanakuja. Hakuna aliyekuja. (Baadaye nilielezwa: tufani ikipiga, sauti ikiita kutoka majini, huitikii, maana unayemjua hawezi kuwa huko, wote wamehesabiwa wako ndani. Mimi hakuna aliyekumbuka kunihesabu.) Nikaita tena, maji yakaniingia mdomoni, nikanyamaza. Na katika kule kunyamaza, karibu nami, nyuma ya gogo la pili, nilisikia maji yanachotwa. Yanachotwa na kumwagwa. Yanachotwa na kumwagwa. Nilifumba macho.

Nilipofumbua, mtu alikuwa anakuja juu ya magogo, anatembea kwa miguu mitupu, kamba begani. Radi ikapiga nikamjua. Alikuwa Mama Alphonsine.

"Faustin!" Hakuwahi kunisemesha tangu nimwoe binti yake. "Kamata kamba! Usiniangaliye, kamata!"

Nami, naapa, katikati ya tufani ile niligeuza uso pembeni na kupapasa kamba kama kipofu. Aliifunga upande wake, akavuta, Tonton Gaspard akatokea nyuma yake akavuta, nikafika kwenye mwamba nikiwa nimechubuka tumbo lote. Mama mkwe akafungua kitenge cha juu alichojifunga, akakirusha nyuma bila kugeuka.

"Ajifunike," akamwambia Tonton.

Upepo ukakinyakua kabla hakijanifikia.

Kwa hiyo niliingia kanisani hivyohivyo. Taa moja ya betri ilikuwa inawaka, watu wamebanana ukutani, macho makubwa, mama mmoja kanielekezea msalaba.

"Iko mutu ao iko maiti?" akauliza.

"Maiti haivai kalesoni ya maua," akajibu Tonton Gaspard.

Kisha sauti ya mteja wangu mmoja, mama mnene ambaye sikujua hata kama anaishi huko, ikatoka nyuma: "Ngoja kwanza. Hiyo haiko kitenge yangu ya Pasaka? Fundi! Si ulisema haikubakia ata kipande?"

Mabati yalikuwa yanalia, dunia inataka kuruka, na kanisa lote lilicheka mpaka watoto waliokuwa wanalia wakaacha. Béa, ambaye alikuwa amerudi na watoto, alinifunika kwa mkeka. Hakucheka. "Pirogi ya mama iko wapi?" aliniuliza, yaani mtumbwi, na hapo ndipo Tonton alipoelewa nilichofanya, naye pia akaacha kucheka.

"Bon," akasema polepole. "Ile imejaa mayi na mawe, upepo hauna pa kuikamata. Ile mutupu, inaibeba. Kila mutu anajua."

Kila mtu, ndiyo.

Asubuhi anga ilikuwa safi kama haijafanya kitu. Watu walishuka, wakatoa mawe, wakachota maji, na mitumbwi ikapanda mmoja mmoja, mizima, na kabla jua halijawa kali walikuwa wanavua. Mmoja tu haukuwepo. Ulionekana mbali chini, karibu na Yanonge, umepasuka kuanzia mbele mpaka katikati. Mama Alphonsine alikwenda kuuona, akaweka kiganja juu ya ufa, akarudi. Niliuza cherehani yangu ya pili, mchongaji akaenda msituni kukata mti, lakini mti hauchongwi kwa siku moja, na wakati wote ule mama mkwe aliuza mihogo ya kuchemsha ukingoni, amekaa, anatazama wenzake wakipita juu ya maji. Hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Siku moja Béa akaja dukani kwangu na neno.

"Mama anauliza, sababu gani uliita jina yake?"

"Jina gani?"

"Siku ile, ku magogo. Kanisa yote ilisikia. 'Alphonsine! Alphonsine!' Sauti ya mwanaume."

Nikaapa kwa kila kitu. Mimi bokilo, nimwite mama mkwe jina lake tupu, mbele ya watu? Afadhali ningekufa maji! Niliita nisaidieni, basi. Béa alikwenda, na jioni akarudi na jibu.

"Mama anasema alijua haikuwa weye. Nyumbani kwetu ni marehemu papa yangu tu aliyemuita vile. Alitoka kwenda kuangalia papa, akakukuta weye."

Nilishona mshono ule mpaka mwisho, na ulipinda.

Mtumbwi mpya umekwisha kuchongwa, na mama mkwe amerudi majini. Mimi na mtumbwi huo hatujuani. Mawingu yakianza kukusanyika upande wa Ubundu, nakaa kwenye benchi la mbele kanisani, mahali ambapo kila mtu ananiona, nimevaa suruali, mikono mfukoni, na nikitaka kujua jambo lolote, hata kama ni dogo, hata kama watacheka, nauliza.