Nyongo ya Ng'ombe wa Harusi

Nakumbuka siku ya harusi yangu, mjukuu wangu, nimekaa ndani na hina mbichi mikononi, siwezi kushika hata kikombe, na huko nje baba yangu anapiga kelele kwamba ndoa haifungwi. Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Nimeikumbuka asubuhi nilipoingia kufagia chumbani kwako. Chini ya kitanda nimekuta makopo ya kinywaji cha kutia nguvu ulichovusha Rovuma kutoka Mtwara, na kila kopo limeandikwa taurina. Nikamwita babu yako aje aone. Alipolisoma lile neno aligeuka, akaenda kukaa uani. Nitakwambia kwa nini, maana wiki ijayo na wewe unaoa, na mficha uchi hazai.

Wakati ule Zaituni, mtoto wa mama yangu mdogo, alikuwa anasomea uuguzi Pemba, hii ya kwetu Msumbiji. Alikuja hapa Kionga harusini na maneno mengi kuliko nguo. Ng'ombe alipokwisha kuchinjwa, wanawake wakakaa kando ya ua wa makuti kusafisha maini, na bibi yangu akawaonya wasije wakapasua nyongo, nyama yote ikawa chungu. Zaituni akaidakia hapo hapo.

"Bibi, usiitukane nyongo. Bila hiyo, hii samli yote ingetukaa tumboni. Fígado, yaani ini, ndilo linaloitengeneza, kwa kolesteroli, yale mafuta ya damu. Halafu kuna kitu kinaitwa taurina, kinaishika ile asidi ya nyongo mkono, ndipo inakubali kuchanganyika na maji. Basi inashuka matumboni kulainisha mafuta, kama sabuni kwenye sufuria. Ikimaliza kazi, nyingi yake inarudi kwenye ini, inatumika tena."

"Na hiyo taurina yatoka wapi?"

"Waliiona kwanza kwenye nyongo ya ng'ombe dume. Touro, kwa Kireno. Ndiko lilikotoka jina lake."

Alikuwa na mengine ya kusema, lakini mtu akapiga kelele kwamba wali unaungua, wote wakakimbilia jikoni.

Sasa, upande wa pili wa makuti alikuwa amesimama bwana harusi, kijana kutoka ng'ambo ya mto, tumbo lake na mafuta haviivi chungu kimoja. Na kwetu bwana harusi hula siniya moja na wakwe zake, samli inamiminwa upande wake kwa heshima, akiiacha amemtukana mama mkwe. Babu yako aliiogopa siniya ile kuliko kaburi. Aliposikia kwamba nyongo inalainisha mafuta, na kwamba ya ng'ombe ndiyo yenye taurina, akaona dua yake imejibiwa. Nyongo yenyewe ilikuwa imetundikwa kwenye kigingi cha ua. Akaitoboa, akainywa.

Baada ya swala ya alasiri shehe akamshika mkono. Kabla hajatamka kukubali, akachomoka mkekani akatapika mlangoni kwa baba yangu, macho mekundu, anayumba.

"Huyu kalewa!" baba akapiga kelele. "Siozeshi mlevi mimi!"

Nilimtaka kijana yule, mwanangu, sikufichi. Nililia mpaka nikajifuta uso kwa mikono ya hina, nikawa na ndevu nyekundu.

Bibi yangu akatoka na mkongojo wake, akamshika bwana harusi kidevu, akamwambia aasame. Akanusa. Halafu akakaa chini palepale, akacheka mpaka kanga ikamvuka.

"Hakulewa nkweo," akamwambia baba. "Kanywa nyongo." Kisha akamgeukia mwenyewe. "Wee bwana, kila ntu Mungu kantilia nyongo yake. Ya ng'ombe waitafutia nini? Kama waogopa samli, si useme?"

Mama yangu alipolisikia hilo akaingia jikoni, akaiondoa samli kwenye siniya kwa mkono wake mwenyewe. Rahisi hivyo! Zaituni naye akaja mbio kumalizia maneno yaliyokatizwa na wali: kwamba ini la mtu hujitengenezea taurina kiasi, na nyingine tunaila kila siku kwenye pweza, kome na samaki, hata mtoto huipata kwenye maziwa ya mamake. Akamnywesha bwana harusi maji, akakaa naye kivulini. Tumbo lilipotulia akaletewa mchuzi wa pweza, na alipoulizwa tena na shehe alijibu kwa sauti ya kuita chombo ng'ambo. Nilipiga vigelegele mimi mwenyewe, bibi harusi, na kila mtu akanicheka.

Basi nisikilize. Hayo makopo sijui yana nini, na wewe hujui pia, ndilo ninalokwambia. Kuuliza si ujinga. Neno ulilolisikia nusu usilimeze, na jambo unaloliogopa liseme kabla hujalitafutia dawa ya siri. Na ndoa usiiombee isiwe na nyongo. Ini halitupi nyongo yake. Linaipa mwenzake, inakwenda kufanya kazi, inarudi. Vita vilipofika, tulipoikimbia Kionga na kulala nje, uchungu ulinijaa mpaka kooni. Babu yako akanisogelea akaniuliza polepole, "Nikutafutie ng'ombe?" Nilicheka huku nalia, na asubuhi nikaweza kutembea. Mtu wa namna hiyo ndiye taurina yako. Na wewe uwe yake.

Mungu akujaalie siniya isiyokauka, mke wa kukucheka bila kukudharau, na watoto watakaoisimulia hadithi hii vizuri kuliko mimi. Makopo nimempa babu yako akayatupe. Nenda ukamwangalie, asije akayanywa.