Ngome Iliyokataa Kuanguka

Mume wangu alichora ramani katika ofisi ya ujenzi ya mji kwa miaka thelathini na moja. Wenzake walimwita Bwana Rula, na hawakumwonea. Mpaka leo, kabla ya kukata mkate huupima kwa jicho, akaukata, kisha akapima tena, huku chai inapoa na mimi nimemkodolea macho.

Alipostaafu akanikaa kooni. Alihamisha makabati, akayarudisha. Basi nikampa kazi. Mimi huandika hadithi za watoto, na safari hii nilikuwa na kitabu kuhusu mji wa kubuni wa miaka mia tano iliyopita, enzi ambapo mizinga ilibomoa kuta ndefu na watu wakajifunza kujenga kuta fupi na nene. "Nichoree ngome," nikamwambia, nikidhani ni kazi ya jioni moja. Sijui akili zangu zilikuwa wapi.

Meza ya kulia ikawa yake kwa wiki sita. Tulikula tumepakata sahani. Alichora ukuta wa pembe tano, na kila pembe akaipa buruji, mnara mfupi mnene uliochongoka kwenda nje, ili walinzi wa buruji hii waone mpaka chini ya buruji ile na adui akose pa kujibanza. Akachora ghala, kisima na tanuri la mikate. Hata choo cha mlinzi wa lango kilikuwa na vipimo. Niseme kweli, ilikuwa nzuri kuliko hadithi yangu.

Tatizo lilikuwa sura ya tisa. Humo ngome inaanguka, na hadithi nzima imesimama hapo. Mchapishaji alitaka maandishi na ramani Ijumaa.

"Haianguki," akasema.

"Baba watoto, hii ni karatasi."

"Najua ni karatasi. Nionyeshe adui atapitia wapi."

Nikavaa miwani, nikatafuta. Hapakuwa na mahali.

"Basi niwekee kasoro moja tu."

"Siweki."

Siku mbili hatukusemeshana ila kuombana chumvi. Nilikasirika hasa. Jumatano nikamwambia nitatafuta mchoraji mwingine, asiye na kichwa kigumu. Hapo akaweka penseli chini.

"Unaukumbuka ule ukuta wa kilimani?" akauliza.

Nilikuwa nimeusahau, au nilijifanya. Mwaka wa pili wa ndoa yetu alichora ukuta wa kuzuia udongo wa kilima, akasahau kuweka vitundu vya kutolea maji. Mvua ilinyesha juma zima, maji yakajaa nyuma ya ukuta, ukalala. Chini yake alikuwepo mwashi mmoja. Ofisi ilisema mkaguzi naye aliipitisha ramani ile, ikampa mume wangu onyo na kumwacha. Yeye mwenyewe hakujiacha.

"Sijawahi kuchora kitu ili kianguke," akasema. "Usinilazimishe."

Nilimshika bega, nikaenda jikoni. Nilikuwa nimeshakata shauri kuifuta sura ya tisa, na iliniuma.

Alhamisi asubuhi nilimkuta mezani. Alikuwa amechora njia ya chini kwa chini, kutoka nyuma ya tanuri mpaka msituni, yenye upana wa watu wawili na mtoto katikati. Pembeni aliandika idadi ya watu wa kila nyumba. Jumla yao mia mbili na kumi na wanne. Kisha akachukua kifutio. Kuta zake zote zilijazwa udongo kwa nyuma ili zihimili mizinga, na zote zilikuwa na vitundu vya maji. Alifuta vya ukuta wa kaskazini, kimoja kimoja, akipuliza vumbi.

"Mvua ya juma moja inatosha," akasema. "Lakini watoke kwanza."

Niliiandika upya sura ya tisa siku hiyohiyo, nikamsomea. Watu walitoka wakiwa wamebeba watoto na magodoro, mvua ikaendelea, ukuta wa kaskazini ukalala juu ya uwanja mtupu. Alisikiliza amefumba macho.

"Na mwashi?" akauliza.

Sikuwa nimeandika mwashi yeyote.

"Yuko msituni na wenzake," nikasema. "Mzima."

"Liandike hilo."

Nikaliandika, naye amesimama nyuma yangu, akisoma neno kwa neno.