Jibu Nililolikata Olasiti

Siku yangu ya kwanza kazini, pale boma la Mjerumani Arusha, Bwana Mpimaji alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"Unajua Kijerumani?"

"Kidogo, Bwana."

"Kidogo kinatosha. Kingi kitakuletea matata."

Nikacheka. Nilikuwa nimemaliza shule ya serikali kule pwani, nikadhani ametania.

Kazi yetu ilikuwa kupima mashamba ya walowezi. Mmoja alishika mwanzo wa mnyororo wa chuma, mwingine mwisho wake, na wa tatu alisimama mbali na bendera ili mstari usipinde. Kwenye kila pembe tulifukia jiwe la mpaka, nusu ndani ya ardhi na nusu nje. Mimi nilishika mwanzo wa mnyororo. Tena nilikuwa mkalimani, kwa kuwa Kimaa, lugha ya wenyeji, nilinyonya kwa mama.

Kabla ya mawe kufukiwa, mzee wa mahali aliulizwa kama pana watu wanaokaa hapo. Ardhi isiyo na watu ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, na serikali ilimuuzia mlowezi. Sisi wa boma sote tuliijua kanuni hiyo. Aliyeulizwa hakuijua, na hakuna aliyemwambia. Huo ndio wizi, vijana, hata kama ulifanywa mchana na watu waliovaa kofia safi.

Tulifika Olasiti wakati majani yamesimama hadi magotini. Palikuwa malisho ya ndama, yanayofungwa msimu wote wa mvua ili kiangazi kikija wadogo wasife. Ng'ombe hawajapita, moshi hauonekani, na mgeni angeapa kwamba pori lile halina mwenyewe. Aliyeitwa kujibu ni Mzee Loishiye, ambaye katika mikutano ya Olasiti ndiye aliyekuwa akisema kwanza.

Bwana akauliza. Nikatafsiri: "Mzee, kuna mtu anakaa hapa?"

Loishiye akanishangaa. "Mtu atakaaje kwenye majani ya ndama? Hapa hakai mtu, mwanangu. Ni malisho ya ndama wetu sote. Baba zetu ndio waliopafunga."

Nikafungua mdomo nieleze. Bwana akainua mkono. "Nataka neno moja. Ndiyo au siyo?"

Juma lile lile mwenzetu wa bendera alikuwa amechapwa viboko kwa kujibu zaidi ya alivyoulizwa. Nilimwona alivyolala kifudifudi. Nikasema, "Siyo."

Loishiye akaniuliza kwa Kimaa, "Umemwambia habari za ndama?"

Nikaitikia kwa kichwa. Tukafukia mawe.

Kiangazi kilipokuja, vijana waliopeleka ndama pale walikamatwa, na ndama wengi wakafa. Hasira ya Olasiti haikumfikia Bwana wala mimi. Ilimwangukia Loishiye, kwa sababu ndiye aliyesikika akisema hapakai mtu. Nilikuwa nimehamishiwa kikosi cha kupima Lemara, na huko wachungaji walinisimulia wakicheka: siku hizi mzee yule anaitwa Hakuna-Mtu, na akisimama mkutanoni watu wanaanza kukohoa.

Nilipaswa kwenda Olasiti siku ile ile. Nilimweleza nyapara wetu, mtu wa Pangani, mcha Mungu, mwenye huruma.

"Usikurupuke, mdogo wangu," akasema. "Boma wakisikia, kazi huna, na mgongo huna. Uamuzi mkubwa haufanywi na mtu mwenye hofu. Subiri moyo utulie."

Nikasubiri. Mvua zikapita, kiangazi kikapita, zikaja mvua nyingine. Moyo haukutulia hata siku moja. Hofu niliilisha kwa kungoja, ikanenepa. Ushauri ule unaniudhi hadi leo, na zaidi ninaudhika na nafsi yangu, maana niliupenda. Ulinipa ruhusa ya kuwa mwoga nikijiita mwenye busara.

Mwishowe nilikwenda hivyo hivyo, moyo haujatulia. Wazee walikuwa wameketi mkutanoni.

"Shikamooni, wazee."

Wachache waliitika. Nikasimama, nikasema: "Mzee Loishiye alisema pale ni malisho ya ndama. Alisema wazi. Mimi ndiye niliyelikata jibu lake, na kanuni ya boma nilikuwa naijua."

Mzee mmoja akauliza, "Walikulipa kiasi gani?"

"Hawakunilipa, baba."

"Yaani ulituuza bure? Afadhali ungelipwa, layoni wewe!" Layoni ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Watu wakacheka.

Loishiye hakucheka. Alisema polepole, "Nimekuwa nikiyatafuta maneno niliyokosea siku ile. Kumbe sikukosea." Kisha akanigeukia. "Kwa nini hukuja kiangazi kile kile?"

"Niliogopa, baba."

"Na leo?"

"Naogopa."

"Basi hata kile kiangazi ungeweza kuja."

Yeye akasogea mbele, akaketi mahali pake pa zamani, akaanza kusema. Hakuna aliyekohoa.

Habari zilifika boma. Nilichapwa, nikafukuzwa, hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikiwa kijana. Nimelima Sekei maisha yangu yote, na vijana wa hapa hupenda kuniuliza niliishindaje hofu, kana kwamba nina dawa yake. Sikuishinda. Nilikwenda nayo, nikasema nayo, nikarudi nayo nyumbani. Anayekwambia ungoje kwanza ikuishe anakudanganya, hata akiwa anakupenda, na wakati unangoja kuna mtu anayebeba mzigo wako.

Malisho hayakurudi. Loishiye alifariki mlowezi angali analima pale. Nilimpelekea kondoo wa kuomba radhi mara mbili, na mara zote mbili alimrudisha kondoo. Alikuwa na haki.