Nia ya Mama Kwenye Jumuiya

Jamani, hivi sala ikishaitikiwa na watu wote inafutwaje?

Mnaijua ile pikipiki kuukuu ya marehemu babu ninayoifufua hapa nyumbani Njombe. Mimi si fundi, kwa hiyo vipande vya injini nilivipanga juu ya gunia kwa mfuatano ule ule niliovifungulia, nisije nikapotea.

Leo nimeenda Makambako kutafuta gasketi ya injini. Narudi, gunia tupu!

Mama kafagia uwanja kwa sababu jumuiya ya kanisa inasali kwetu leo. Injini nzima iko kwenye ndoo, pamoja na maganda ya viazi.

"Ulitaka wageni wakalie vyuma?" ananiuliza.

Wakati wa kila mtu kutoa nia yake ya maombi ulipofika, nikasema hapo hapo:

"Tumwombee aliyefagia uwanja leo, ajaliwe kuuliza kwanza."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie!" Sauti ya mama ndiyo ilikuwa juu kuliko zote.

Kisha naye akatoa nia yake: "Tumwombee kijana wangu, apate moyo wa kuwauzia hiyo pikipiki watu wa vyuma chakavu."

Wakaitikia wote.

Na mimi, kwa mazoea tu, nikaitikia.