Kafi Lililoshuka Lualaba

Nilipokuwa mtoto, ulimwengu niliusoma jioni tu, nyumbani kwetu Kasongo, kando ya kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo. Mwalimu wangu alikuwa Koko, mama mzaa mama, ambaye hakujua kusoma. Alikuwa na hadithi moja ndefu ya kafi lililomponyoka mvuvi wa Nyangwe likachukuliwa na maji. Kila jioni lilifika mji mmoja zaidi: Kindu, Ubundu, Kisangani, Kinshasa, Matadi, kisha bahari, na ng'ambo yake nchi ambazo mvua huanguka nyeupe na kulala chini kama unga. Majina hayo aliyapata kwa marehemu mumewe, aliyekuwa mchochea moto katika meli za mtoni.

Sharti lilikuwa moja. Hadithi haisimuliwi jua likiwa juu. Anayeisimulia humpotezea njia msafiri wa nyumba ile. Sikumjua mtu wa mtaa wetu aliyelifanyia mzaha jambo hilo, hata miongoni mwa wale waliokalia viti vya mbele kanisani.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipokwenda Wamaza kwa miguu kumwangalia dada yake aliyejifungua. Alisema angerudi Jumamosi. Alhamisi, darasani, mwalimu aliuliza mto Lualaba unaishia wapi. Mmoja wetu akajibu Kindu, kwa kuwa mjomba wake alishukia huko. Nami, kwa majivuno ninayoyaonea haya hata leo, nikasimama nikalisimulia lile kafi, saa nne asubuhi, hadi kengele ilipolia likiwa limefika Kinshasa.

Jumamosi mama hakuja. Jumapili, baada ya ibada, baba alikwenda kuwauliza wapita njia, akarudi bila habari yoyote. Nikamfuata Koko jikoni, nikamweleza yote, na kwamba nimemuua mama.

Aliweka mchi chini.

"Uliliacha wapi?"

"Kinshasa, Koko."

"Basi lirudishe, mjukuu wangu. Toka huko ulikoliacha mpaka hapa. Usiruke hata pahali pamoja."

Nikamkumbusha kwamba jua lingali juu. Akasema kumwita mtu nyumbani hakuna saa.

Nikalipandisha kafi kinyume cha maji. Kutoka Kisangani nikataja Kindu. Koko akatikisa kichwa. Nikarudia, akatikisa tena. Wadogo zangu wakacheka kwamba mwalimu mkubwa amepotea, Koko akawafukuza. Hakunidokezea neno. Alikaa, mikono mapajani, mpaka nikakumbuka yale maporomoko yanayozikatisha meli safari, watu wakapanda treni.

"Ubundu," nikasema.

"Endelea," akajibu.

Mama aliingia Jumatatu adhuhuri, miguu imevimba. Kijito kilikuwa kimefurika na kuchukua daraja la miti. Alingoja siku mbili maji yapungue.

Nimezeeka na Maandiko mkononi, na ramani nimezifundisha pia. Najua mvua ile haikuletwa na ulimi wangu. Hata hivyo, wajukuu zangu nawasimulia nchi za dunia jioni tu, nao hawajaniuliza kwa nini huwa nalitazama jua kwanza. Nikiikumbuka Jumapili ile, namwona zaidi Koko. Aliyekuwa hajulikani alipo ni binti yake, na aliamini kwa moyo wote kwamba mimi ndiye niliyempoteza. Alikaa akaningoja nikumbuke, wala hakunigombeza.