Ng'ombe wa Coventry Road

Mlionisindikiza pale mpakani Malaba mlidhani naenda Uingereza kutazama wajukuu, na wengine mkanong'ona kwamba uzeeni nimejipatia mzungu. Poleni. Nilikwenda kwa sababu ya halwa.

Habiba mnamkumbuka, binti wa yule Msomali aliyekuwa akiuzia madereva wa malori chai na halwa karibu na geti. Tulikua pamoja, tukagawana dawati na chawa. Akiwa kijana alikwenda Uholanzi, akapata uraia wa huko, kisha akahamia Birmingham na binti yake Ilhan. Huko alikodi jiko na kuanza kupika halwa ya baba yake. Wateja wake wengi walibaki Uholanzi, na aliwauzia kupitia Bwana Guled, mzaliwa wa Garissa mwenye duka Rotterdam. Uingereza ilipokuwa ndani ya soko la pamoja la Ulaya, katoni za Habiba zilivuka bahari kama sukuma wiki inavyotoka shambani kwenda sokoni, bila mtu kuuliza. Uingereza ilipotoka, mpaka ukarudi, na maofisa wake wakarudi nao.

Mzigo mmoja ukazuiwa na kuchomwa moto. Wa pili vilevile. Ndipo Habiba akanipigia simu akilia, na Habiba si mtu wa kulia.

"Mama Wafula, Guled amesema halwa ya Idd Kubwa isipofika, atanunua kwa mtu wa Denmark. Mwisho wa mwezi narudisha ufunguo wa jiko, narudi Uholanzi. Wewe umekaa forodhani miaka ishirini na sita. Njoo uniangalizie, haki ya Mungu."

Kweli nimekaa. Kabla sijastaafu nilikuwa wakala, nikivusha mizigo ya watu, na hakuna hila ya mpakani ambayo sikuiona kwa macho haya. Nikauza ndama wawili, Habiba akajazia nauli, nikaondoka.

Jumatano asubuhi, Nairobi. Safari ya ndege siielezi sana, maana nililala mdomo wazi hadi jirani yangu akanifunika blanketi. Nilikumbuka tu nilipokuwa nikipanda ngazi kwamba sisi huku kwa miaka mingi tumekuwa tukiondoa mageti, Mganda na Mkenya wakagonga muhuri katika jengo moja, ilhali hao waliotufundisha mageti ndio wanaojirudishia yao. Nilicheka peke yangu na mhudumu akanitazama vibaya.

Alhamisi adhuhuri, Birmingham. Ofisa wa uhamiaji aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia kumtembelea rafiki. Sikumdanganya. Jikoni kwa Habiba sikukoroga sufuria wala sikulipwa, kilichofanya kazi ni mdomo wangu tu, na mdomo hauombewi kibali.

Habiba alinipokea kwa kilio na kicheko vikiwa vimechanganyika. Amenenepa, nami nikamwambia. Akasema mimi nimekauka. Tukawa tumesalimiana.

Anakaa Small Heath, nyuma ya Coventry Road. Barabara ile mabasi hufuatana kama siafu. Upande huu Mpakistani anauza bangili na vitambaa vya harusi, upande ule Msomali anachoma mbuzi, wazee wamekaa nje na vikombe vya chai wakirekebisha dunia, na adhana inapanda juu ya kelele zote. Kiswahili nilikisikia kabla sijatembea hatua hamsini, wanawake wawili wa baibui wakibishania bei ya ndizi kwa lafudhi ya Eastleigh ya Nairobi. Nikajiona niko nyumbani, ila baridi ilinikumbusha.

Ijumaa asubuhi tuliingia jikoni. Ni chumba kirefu chenye sufuria tatu kubwa, na hewa yake ni iliki tupu. Aliyekuwa akikoroga kwa mwiko mrefu ni Maman Furaha, Mkongo wa Uvira, mama wa watoto wanne na mfanyakazi wa pekee wa Habiba. Ilhan, mwenye miaka ishirini, alikuwa amepanga karatasi mezani kwa ajili yangu.

"Kila kitu kiko hapo," Habiba akasema. "Nime-submit form zote online. Hata nililipa mtu wa kunishauri, akaangalia akasema ziko sawa. Nimeandika wazi, mafuta ya mimea, hakuna maziwa. Lakini Waholanzi wanaandika kwamba halwa yangu ina maziwa, kwa hivyo inataka cheti cha daktari wa mifugo. Daktari wa ng'ombe, Mama Wafula! Aje aipime halwa homa?"

Mtu wa kushauri alikuwa amesoma karatasi. Habiba alikuwa amesoma karatasi. Ilhan alikuwa amezisoma mpaka macho yakamuuma. Mimi nilizisukuma kando. Kule kwetu kuna desturi ambayo mzee aliyenifunza kazi alinipigia kelele mpaka ikaniingia: mzigo kwanza, karatasi baadaye. Usiisome fomu ya mtu kabla hujaiona bidhaa yake, maana fomu itakuelekeza macho.

"Niletee katoni moja iliyo tayari kusafiri," nikasema.

Ilhan akaileta. Nikaipasua gundi, nikatoa kopo moja la halwa. Juu ya kifuniko alikuwa amesimama ng'ombe mweupe mnene, amevaa shada la maua, na chini yake maandishi ya dhahabu: Samli Safi ya Ng'ombe.

Nikamtazama ng'ombe. Kisha nikatazama kando ya jiko, ambako madebe ya mafuta ya alizeti yalikuwa yamepangwa hadi kiunoni mwangu. Samli sikuiona hata ya kupaka mkate.

"Mama Ilhan," nikasema, "samli iko wapi?"

Maman Furaha aliendelea kukoroga, lakini polepole. Habiba akakaa juu ya debe na kuvuta mtandio wake usoni.

"Haipo," akasema. "Mwaka wa tatu sasa."

Akanieleza, na nawapeni kama alivyonipa, kwa sababu ndiyo hadithi nzima ya wafanyabiashara wadogo wa kule. Baada ya kura ya kutoka, pauni ilishuka. Samli yake ilitoka Ireland na Uholanzi, nayo ikapanda bei, tena ikawa inachelewa. Akahamia alizeti kimyakimya. Lakini vifuniko alikuwa amechapisha maelfu, na wateja walimwamini yule ng'ombe. "Niliogopa. Wangesema Habiba anachakachua. Halwa ya baba yangu, Mama Wafula, nimeitia mafuta ya chipsi!" Akalia tena, na safari hii sikumcheka.

Ofisa wa Rotterdam, basi, alikuwa na fomu mkononi inayosema hakuna maziwa, na mbele ya macho yake ng'ombe mwenye shada. Ningekuwa mimi, ningeamini ng'ombe. Nilikasirika, nakiri. Nilimwambia kwamba amejichomea mizigo miwili kwa aibu yake mwenyewe, na kwamba Waholanzi hawakumwonea. Nilipomaliza nilijuta ukali wangu, nikamshika mkono.

"So that's it?" Ilhan akauliza. "It was the cow? The whole time?"

"Ndiyo, mwanangu. Ng'ombe."

Maman Furaha akatoa shauri. "Bon, tupige tu kibandiko juu ya ile ng'ombe. Iko mingi, hatuwezi tupa."

Nikakataa katakata. Kibandiko juu ya maandishi ndicho kitu cha kwanza ofisa hukwangua kwa ukucha. Mimi mwenyewe nimewaona wakikwangua. Vilitakiwa vifuniko vipya, visivyo na ng'ombe, vyenye maneno ya kweli, na karatasi zisome sawasawa na kifuniko. Ilhan alifungua kompyuta yake palepale, na kufikia alasiri alikuwa ameagiza vifuniko vya rangi ya zafarani kwa mchapaji wa hapohapo mtaani.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mchapaji asingeweza kulifanya. Guled naye alikuwa ameuza ng'ombe yule miaka yote. Ilibidi aambiwe, na aambiwe na mwenye halwa.

Jumamosi asubuhi Habiba alimpigia Guled simu. Alisema yote. Kisha Guled akasema, "Sawa. Nimesikia. Tuma mzigo tuone." Akakata. Habiba akanitazama kana kwamba nimemletea habari ya msiba, na siku nzima hakula kitu.

Jumapili, Kingstanding. Maman Furaha alinialika baada ya kanisa, kaskazini mwa jiji, kwenye nyumba za matofali mekundu zilizofanana hata nikabisha hodi mlango usio wake. Alinipa fufu, ugali wao wa muhogo, na sombe ya majani yake, watoto wake wakinisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Nilimuuliza kama ana hofu.

"Habiba akifunga, mi nitaenda wapi tena, maman? Nilishakimbia mara mbili. Ya tatu siitaki." Akanijazia sahani. "Lakini Mungu iko."

Alipopita jirani yake, mzee Mwingereza mwenye mbwa mzee kuliko yeye, Furaha alimpa kipande cha halwa kupitia juu ya uzio. Tukaongea. Bila haya akaniambia kwamba alipiga kura ya kutoka. Kiwanda chake cha vipuri kilikuwa kimefungwa kabla hata ya kura. "Miaka thelathini hakuna aliyeniuliza kitu," akasema. "Siku waliponiuliza, nikajibu." Nikamuuliza kama mambo yamekuwa mazuri. Akatafuna, akatazama angani, akasema bado. Nilikuja nikiwa nimejiandaa kumchukia mtu wa namna hiyo, nikashindwa. Aliomba kipande kingine, na akaambiwa asubiri zamu yake kama watoto.

Jumatatu tulifanya kazi ya pili. Karatasi za katoni arobaini na za katoni mia nne ni zilezile, na gharama yake haijali udogo wako. Ndiyo maana wakubwa waliyumba na wadogo wakaanguka. Nikamuuliza Habiba: nani mwingine mtaani anapeleka bidhaa Uholanzi? Alimjua mama mmoja wa duka la magauni, ambaye naye alikuwa ameacha kupeleka. Hawakuwahi kuzungumza jambo hilo, kila mmoja alidhani ni balaa lake peke yake! Kule Malaba, kina mama wa mitumba na wa mahindi huchangia lori na wakala mmoja tangu enzi na enzi. Tukamfuata dukani kwake, nami nikafungua magauni yake moja moja kabla sijagusa karatasi. Alidhani nataka kununua.

Jumanne vifuniko vilifika, nao watatu wakakaa kufunga makopo, mimi nikiwahesabia kwa mdomo, hata Ilhan, aliyekuwa amesema ana masomo. "I'm not moving to Holland, by the way," akamwambia mama yake bila kuinua kichwa. "I'm from here." Habiba akamjibu, "Ombea halwa, basi." Jumatano lori liliondoka na halwa na magauni ndani yake.

Alhamisi tulingoja. Habiba alisugua sufuria zilizokwisha kung'aa. Ufunguo wa jiko ulikuwa umening'inia msumarini karibu na mlango, na kila alipopita aliutazama. Mimi nami niliutazama, nikijua kwamba ikiwa nimekosea, nimemharibia Idd na maisha.

Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, simu ililia. Ilikuwa Guled. Habiba aliiweka kwa sauti kubwa, mikono ikiwa na povu.

"Mzigo umeingia asubuhi," Guled akasema. "Hawakufungua zaidi ya katoni mbili."

Habiba akauliza lile alilokuwa analiogopa kuliko forodha. "Na wateja? Umewaambia? Ng'ombe?"

Guled akacheka, kicheko kirefu cha mtu mzima. "Dada yangu, Januari halwa ya samli huganda, unaikata kwa kisu. Yako tangu miaka mitatu tunaila kwa kijiko wakati wa theluji. Ulidhani hatujui? Wallahi tunajua wote. Tulikuwa tunangoja wewe useme. Niletee ingine kama hiyo kwa harusi za Agosti."

Maman Furaha alipiga vigelegele vya Uvira mpaka Mpakistani wa jirani akaja kuuliza kuna arusi ya nani. Habiba alifuta mikono, akautoa ufunguo msumarini, akautia mfukoni mwa dera lake. Hapo nililia mimi.

Kurudi. Habiba alinifungia makopo sita ya kuwaletea ninyi, yenye vifuniko vya zamani, kwa sababu, alisema, huku nyumbani hakuna ofisa wa Kiholanzi. Nikayapakia bila kufikiri. Mambo ya Uingereza sikuwa nimeyatengeneza yote. Bado mpaka uko, bado una gharama, na kuna majiko mengi mtaani ule yaliyokwisha kurudisha funguo kabla sijafika. Lakini nimejifunza kwamba geti likishawekwa, mtu anayelivuka ni yule asiyejificha, na anayekwenda na wenzake.

Nilikuwa nikijisifu hivyohivyo moyoni nilipofika Nairobi, na ofisa wa forodha, msichana mwenye uso mkali, akaniambia nifungue begi. Akainua kopo. Ng'ombe mweupe akatutazama sote wawili.

"Mama, hii ina maziwa?"

Miaka ishirini na sita forodhani, na nimeingia nchini mwangu na ng'ombe wa uwongo!

"Haina, binti yangu," nikasema. "Huyo ng'ombe alishastaafu. Ndani ni alizeti. Fungua uone mwenyewe."

Akafungua, akanusa, akachovya kijiko nilichompa. Akafumba macho kidogo.

"Pita, mama," akasema.