Tumbaku Katika Shavu la Shangazi Osmunda

Siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku shangazi yangu Osmunda alipoinama juu ya hadubini na kuliona shavu lake mwenyewe. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kahawa yetu ilianza kununuliwa na wafanyabiashara binafsi, kila njia panda ya Mbinga ikaota kioski, na vitu tulivyokuwa tukivisikia tu redioni vikawa vinaning'inia madirishani. Mimi nilikuwa msichana wa maabara katika hospitali moja ya misheni. Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi vioo vya damu na makohozi, na kusema kweli nilijiona mtu mkubwa kwa sababu ya lile koti jeupe.

Shangazi alikuwa mkulima wa Mpepai. Kwetu ngolo, yale mashimo ya mraba yanayozuia mvua isibebe udongo wa mlimani, huchimbwa na wanawake baada ya wanaume kufyeka na kupanga nyasi. Kazi ile ina baridi, tena ina njaa. Basi wanawake wa rika la shangazi walikuwa na desturi yao: kabla ya kushika majembe, mwenye tumbaku iliyopondwa na magadi aliifungua, akawagawia wenzake, na kila mmoja akaiweka kati ya shavu na ufizi. Kuikataa kulikuwa kama kukataa salamu. Kila mtu alikuwa na upande wake mdomoni, na wa shangazi ulikuwa wa kushoto tangu alipoolewa.

Sasa lisikilize kosa letu, maana halikuwa la shangazi peke yake. Tumbaku ikizoeleka hutia ganzi. Mahali pale palipochubuka na kuanza kuwasha, hakuna aliyeilaumu tumbaku. Waliiongeza palepale, maumivu yakatulia, nao wakasema dawa imefanya kazi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga; mama zetu walikiweka shavuni, na juu yake wakakishukuru.

Shangazi alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Kandidi, mwenye kioski mjini. Huyu binamu yangu alimpenda mama yake, na kwa mapenzi hayohayo akamletea tumbaku mpya ya vipakiti iliyokuwa ikiingia kutoka ng'ambo. Alimwambia aachane na jani lenye vumbi la shamba, hii imetoka kiwandani, imefungwa, inanukia karafuu. Mwenyewe naye alikuwa akiitumia, ili wateja waone. Usimcheke. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na chochote kilichofungwa vizuri tulikiona cha kistaarabu.

Ndipo alipokuja daktari mtafiti kutoka Dar es Salaam, mama mmoja mpole mwenye Kiswahili cha pwani. Alikuwa akichunguza midomo ya watumiaji wa tumbaku, wavuvi wa kule Ngumbo ziwani na wakulima wa huku milimani. Mimi nilipewa kazi ya kukwangua mashavu yao taratibu kwa kijiti na kupaka ute ule kwenye kioo. Aliichukua na tumbaku yenyewe, ya jani na ya pakiti, ili akaipime huko maabara yao.

Nilimuuliza majani yanawezaje kuleta saratani. Alinieleza kwamba tumbaku inapokaushwa na kuvundikwa huzaliwa sumu ndani yake, na kwamba magadi huongeza ukali wake mdomoni. Kila chembe ya mwili ina maagizo yake, ya kukua na ya kuacha kukua. Sumu ile hung'ang'ania kwenye maagizo hadi yasomeke vibaya. Mwili husahihisha, maana nao si mvivu, lakini ukiletewa sumu kila siku mahali palepale, iko siku utashindwa. Chembe iliyosahau kuacha kukua huzaa nyingine zenye usahaulifu uleule. Nikamuuliza na ya pakiti je. Akasema ni ileile, imepakwa manukato.

Nilipomtazama shangazi mdomoni nilikuta baka jeupe lenye wekundu katikati. Niliogopa, mwanangu. Daktari alikata kinyama kidogo, kikapelekwa hospitali kubwa, na kioo kikarudi na majibu: saratani imeanza, lakini bado iko juu juu, ikatwe upesi. Kandidi alikuja mbio akakataa katakata. Alikuwa amesikia, kama wengi walivyosikia, kwamba kansa ikiguswa na kisu hukasirika. Tulibishana naye pale maabara hadi shangazi akatukatiza.

“Mnazungumza habari za mdomo wangu kama wa mtu wa Songea. Nionesheni.”

Daktari hakubisha. Aliweka kwanza kioo cha shavu lisilo na ugonjwa, kisha cha shangazi. Shangazi aliinama, akatazama kimoja, akatazama cha pili, akaomba arudishiwe cha kwanza. Mimi nilijua hatajua anachokiona. Nilijidanganya.

“Hili la kwanza limechimbwa na watu wenye akili,” alisema. “Hili langu mashimo yamepandana, hakuna mstari. Mvua ikija hapa, mlima wote unashuka.”

“Bado haujashuka, mama,” daktari alimjibu. “Ndiyo maana nataka kukata sasa.”

Shangazi akasema akatwe. Halafu akamgeukia mwanawe, akamwambia na yeye afungue mdomo atazamwe. Kandidi alicheka, akasema haumwi popote, na ana mzigo unamsubiri stendi. Daktari alimsihi, nami nikamsihi. Aliaga kwa heshima zote, akaondoka, na hakuna aliyemshika mkono kumzuia.

Shangazi alikatwa. Mdomo ulienda upande kidogo, alikunywa uji kwa muda mrefu, kisha akarudi shambani. Desturi hakuivunja, ila aliibadilisha: kabla ya kushika majembe alifungua karanga za kukaanga, na wenzake walinung'unika msimu wa kwanza, wakazoea. Kandidi aliacha kumletea mama yake vipakiti. Kinywani mwake mwenyewe havikutoka.

Miaka ilipita. Alipoletwa hospitali shingo ilikuwa imevimba na taya halifunguki, na safari hii hakuna aliyehitaji hadubini. Mama yake aliyepona ndiye aliyemlisha kwa kijiko, mpaka kijiko nacho kikawa hakipiti. Jioni moja nilikuwepo mama yake alipomuuliza kidonda kilimwanza lini. Kandidi alijibu kwa shida, kila neno peke yake.

“Kilikuwepo siku ile, mama. Kilikuwa hakiumi.”

Shangazi hakulia mbele yake. Alimpangusa mdomo, akamfunika. Mimi nilitoka nje, nikalia kwa niaba yetu sote.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Kandidi hakuficha kwa ubaya. Alingoja maumivu yamwite, na tumbaku ilikuwa imeyanyamazisha maumivu. Basi nasaha yangu ni hii. Tumbaku ya shamba na ya pakiti, ya babu na ya dukani, zote usiziweke mdomoni, hata anayekupa awe umpendaye. Kama ulishazizoea, omba msaada uache, wala usione haya. Baka jeupe au jekundu, au kidonda kilichopitisha wiki mbili bila kupona, kionyeshe hospitali, hata kama hakiumi, na hasa kama hakiumi. Wala usikitulize kwa kile kilichokileta.

Mungu akupe kinywa kizima cha kulia chakula na cha kusalimia wakubwa. Akupe moyo wa kukifungua unapoombwa. Na mama yako, mwanangu, azeeke akikutazama ukila.